Tanzia

Nilikufa Jumanne, saa nne asubuhi,
nikiwa Kibuye nakunja-kunja soli ya kiatu cha mtumba.
Picha ilikuwa ile ya kitambulisho cha gazeti;
pembeni mshumaa unaowaka bila kuyeyuka.

Miaka ishirini na miwili nimeiandika safu ile.
Nilianzia kwenye saiba ya ghorofani, dakika shilingi tano,
nikawaahidi wasomaji: sasa uongo utakosa pa kulala.
Kisha, wiki baada ya wiki, nikayala matapishi yangu,
maneno mia sita kila sahani.

Jumatano alfajiri shangazi Aduda aliteremka kutoka Maseno
na kuku wawili, na kilio alichokianza njiani.
Aliponikuta mlangoni, mswaki mdomoni,
alinizaba kofi.
Ndipo akalia kweli.

Watu elfu kumi na nne walinililia kwa kidole gumba.
Safu yangu bora ilisomwa na mia tatu,
mhariri akiwa mmojawapo, tena kwa mshahara.

Usiku niliisoma tanzia, kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea:
“Marehemu alikua mwandishi.”
Nikatafuta pa kuichomeka w.
Nikaghairi.
Alikua.
Katika yote waliyoandika, hilo moja
sikuwa na la kulipinga.