Zima

Barua imekuja na baridi ya Juni,
kurasa mbili, muhuri, na namba ya kipuri
ndefu kuliko jina la ukoo wangu.
Inasema: ondoeni. Haisemi: tafadhali.
Saa hamsini za kuruka, basi,
baada ya hapo ndege ibaki chini kama kuku.

Kihwele, mwenye ndege, anaisoma na glavu mikononi.
"Tusekile, swichi si inafanya kazi?
Nikiwasha, inawaka. Nikizima, inazima.
Milioni kasoro, kwa kidude cha kujaa kiganjani!
Hayo ni magunia mangapi ya mahindi?"
Simjibu. Nayahesabu naye kimoyomoyo,
maana nami nimelelewa na gunia,
najua linavyokaa mgongoni.

Kipuri kilifika jana na basi la usiku.
Nilikipokea Ipogolo, ndani ya boksi la biskuti,
kondakta akidhani ni dawa ya ng'ombe.

Sasa nimelala chali chini ya dashibodi,
miguu nje ya mlango, tochi mdomoni.
Nduli nzima ni ukungu,
njia ya kurukia imeliwa nusu.
Bisibisi inauma kwa baridi.
Skrubu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu imegoma;
naibembeleza, naitukana kwa Kinyakyusa,
inakuja.

Na hii hapa, swichi yenyewe.
Maandishi ya kiwandani yamefutwa na vidole,
kimebaki kibandiko cha rubani fulani wa zamani,
kalamu ya wino, herufi nne: ZIMA.

Lugha yetu nayo ina utani wake.
Zima taa. Zima moto.
Halafu yai zima, mtu mzima, mwaka mzima.
Neno lilelile la kuulia mwali
ndilo tunaloulizia afya asubuhi.

Lutengano aliliamini.

Ilikuwa hapahapa, mwaka ule wa mvua ya mawe.
Ufunguo umeshachomolewa, uko mfukoni mwa rubani.
Akaishika propela
kama unavyoshika bega la rafiki
unayetaka kumgeuza umwonyeshe kitu.
Mle ndani, kijibati chembamba kama ukucha
kilikuwa kimechakaa kimyakimya,
hakikugusa kilichopaswa kugusa.
Magneto ikabaki macho.
Injini ikakohoa, mara moja tu.

Siku hizi anauza nyanya Ilula, kando ya lami,
anahesabu chenji kwa mkono wa kushoto.
Nikishuka kumsalimu, "U mzima, kaka?"
anacheka, anapanga upya sado lililokwisha kupangwa,
anasema: "Kasoro vitatu."

Hili sikumwambia Kihwele. Anajua.
Alikuwepo; ndiye aliyevua koti la kufungia mkono.
Na bado anauliza bei,
na bado simchukii,
kwa sababu ndege isiporuka Makete hakufiki chanjo,
na ikiruka na swichi mbovu
hufika tu, siku nyingi, hufika salama.
Ndiyo shida ya kitu hiki. Siku nyingi.

Nafunga mpya. Skrubu ya tatu inaingia kwa adabu.
Tunawasha: moshi kidogo, mngurumo, nyasi zinalala.
Nageuza ufunguo.
Kimya kinakuja chote kwa mkupuo,
hadi nasikia mtu akipasua kuni ng'ambo ya uzio.

"Ile ya zamani nipe," anasema Kihwele, "huenda ikafaa siku moja."
Naiweka juu ya chuma, naipiga nyundo,
ya pili, ya tatu,
kisha nampa.
Anaitazama kiganjani, anaitia mfukoni hivyohivyo.

Naandika kwenye kitabu cha ndege:
tarehe, namba ile ndefu, sahihi yangu.
Wino unasita kwa baridi, napuliza kalamu.
Ukungu umeanza kuinuka upande wa mlimani.
Natoka kwenda kuosha mikono,
na propela naipita kwa mbali,
kama unavyopita nyuma ya punda usiyemjua.