Kibali cha Tusi

Mgeni siku mbili; ya tatu nikapewa jembe,
mpini wake ukinielekea mgongoni.
Ofisi ya uwakala wa forodha, Malaba,
juu ya duka la matairi:
madawati matano, feni moja,
na feni hiyo humpepea Bwana Ekirapa peke yake.

Jina langu Nyafwono.
Limo kwenye barua ya ajira, limo kwenye daftari la mahudhurio.
Yeye aliniita Wewe.
Wewe, umesomea wapi? Wewe, hicho ni kiatu au kobe?
Faili alilitupa sakafuni, wala si kwa hasira,
kwa utulivu, kama mtu anayemwaga maji ya kunawa,
kisha akasubiri niiname.
Nikienda msalani alitazama saa.
Nikirudi alitangaza dakika,
na wenzangu wakacheka
kicheko cha kulipia kodi ya nyumba.

Siwalaumu. Wabwire ana watoto wanne na vidonda vya tumbo.
Taaka hucheka macho yakiwa kwenye kikokotoo.
Hata mimi nilicheka, siku ile alipomgeukia Opendi.
Nilijisikia nikicheka.
Hilo halijanitoka.

Usiku, chumbani kwangu nyuma ya maegesho,
malori yananguruma hadi sufuria zinaongea,
mama anapiga simu kutoka Mulanda:
"Huko ofisini wanakutunzaje?"
Nasema: kuna feni.

Na Malaba, kama hujafika, ni mji wa karatasi.
Mbuzi ana cheti cha daktari.
Maharage yana fomu, jeneza lina fomu,
dereva wa kwenda Juba hulala chini ya lori lake siku tatu
kwa ajili ya muhuri mmoja uliofifia.
Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuijua,
na niliijua, ndiyo maana najiudhi:
miezi mitatu nikiacha maneno ya mtu mmoja
yavuke kwangu asubuhi na jioni
bila kukaguliwa.

Ikaja Alhamisi ya mashine za kusaga.
Ushuru ulikosewa. Namba ya bidhaa
aliniamuru yeye niitumie, kwa mdomo, akipita na chai yake.
Sasa mteja amekuja juu,
na yeye, mbele ya mteja, ananinyooshea kidole:
"Huyu. Ng'ombe huyu tuliyemfunga kwenye kompyuta."

Nilisimama. Magoti yalikuwa ya mtu mwingine.
Nikachukua karatasi nyeupe, nikaandika tarehe,
nikaisukuma mezani kwake pamoja na kalamu.
Sauti ilitoka ndogo kuliko ile niliyoifanyia mazoezi:
"Naomba uniandikie, Bwana Ekirapa.
Hilo la ng'ombe. Na lile agizo la Jumatatu, la namba.
Utie sahihi, nami nitaliweka kwenye faili."

Feni iliendelea.
Aliitazama karatasi
jinsi madereva wanavyoitazama mizani ya barabarani
wakijua walichobeba.
Kalamu hakuigusa.
Mteja akakohoa. "Agizo gani?" akauliza.

Sitakudanganya kwamba alibadilika.
Ijumaa niliikuta meza yangu imehamishiwa mlangoni mwa choo,
sasa dakika zangu ni chache, hazina habari.
Salamu hanipi.
Natafuta kazi Tororo, Busia, popote penye dirisha.
Ila faili hajalitupa tena. Hulisukuma,
na likifika ukingoni mwa meza hulizuia kwa kidole.

Jana Wabwire alipita,
akainama kana kwamba ameangusha pini.
"Nyafwono," akanong'ona, "una karatasi nyeupe?"
Nikampa mbili.

Opendi aliacha kazi mwezi wa nane.
Namba yake ninayo.
Bado sijampigia.