Jezi Namba Kumi na Moja

Mimi nilifua. Andika hivyo.
Umetoka Buenos Aires na kinasa sauti chako
unaniuliza Anselmo Iturralde alikuwaje utotoni,
kana kwamba mtoto ni ndoo, unachungulia, unaona maji.
Sura yake sikuikariri. Nilimjua kwa madoa.

Jezi kumi na nne kila Jumatatu, beseni la bati,
sabuni ya mche, na upepo wa pampa
ukizivuta kambani hadi mikono ya jezi inapungiana.
Za mabeki zilinuka sigara. Ya kipa, kitunguu.
Ya kumi na moja, iliyompwaya kama shuka,
ilikuja na tope ubavu mmoja tu, wa kushoto.
Nikajua: huyu huangushwa akiukimbilia mstari,
na huinuka kabla tope halijajua ana ubavu wa pili.

Walimwita Matege.
Miguu yake yenyewe ilikuwa tobo,
na katika miaka yote ile hakuna aliyempiga tobo.

Baba yake, Froilán, alifunga mabehewa ya ngano.
Vidole viwili viliachwa huko, kwenye vyuma.
Hakuingia uwanjani hata siku moja.
Alisimama ng'ambo ya reli, ametupa mgongo,
akihesabu mabao kwa kelele zetu.

Mwana alipofika miaka kumi na mitano likaja gari jeupe.
Mtu wa viatu vya ngozi alikula nyama yetu,
akatandaza karatasi juu ya boneti, kalamu ikapita.
Klabu ikapata taa nne za uwanja.
Tatu ziliwaka.
Jezi niliifua, nikaikunja, akapewa mtoto wa mwoka mikate.
Hakuna kilichotokea.

Baadaye tulimwona kwenye televisheni ya duka la mikate:
Genoa, halafu mji wa ukungu nisioweza kuutamka.
Wengine walitazama mguu. Mimi nilitazama ubavu.
Dakika ya themanini, jezi safi, nyeupe kama ya komunyo.
Nikasema, huko hawamfikii.
Mwoka mikate akakung'uta unga viganjani:
"Herminia, yeye ndiye hafiki."

Penalti ile siisimulii. Nchi nzima imeisimulia.
Nitakuambia lisiloonekana kwenye kamera:
jioni hiyo mji ulifunga madirisha kama pana maiti,
na Froilán akavuka reli.
Mara ya kwanza. Polepole, kofia mkononi.
Akaketi benchi la wachezaji wa akiba,
uwanja mtupu, hadi usiku wa manane,
chini ya taa tatu.
Nilimpelekea chai ya mate. Ilipoa.

Alirudi ana miaka thelathini na saba,
magoti yakilia kama bawaba za zizi,
baba yake tayari yuko makaburini, upande wa mikaratusi.
Alicheza dakika kumi na moja, mvua inanyesha.
Chenga moja. Krosi moja, ikapaa, ikaenda zake relini.
Kisha akaanguka na hakuna aliyemgusa.
Uwanja mzima tulikaa kimya.
Kule ng'ambo ya reli hakuna mgongo wa kutusikiliza.

Jumatatu nikaifungua jezi.
Tope pande zote mbili.

Sikuiloweka. Niliitundika hivyo hivyo.
Jumanne akaja mwenyewe, anachechemea, akaomba beseni.
Kufua hajui: anasugua kama mwanafunzi anayefuta jibu
hadi daftari linatoboka.
Nikamshika kifundo cha mkono. Nikamwambia,
ngoja, Matege. Tope la hapa huachwa likauke kwanza.
Tukakaa kibarazani, tukalisubiri.

Aliniambia nini? Hilo si la kinasa sauti.
Kizime sasa, mwanangu.
Nina jezi kumi na tatu kwenye maji.