Bakuli la Mandazi

Jina limetangulia, mbwa hajafika.
Mandazi, kasema Ambani, kwa sababu ya rangi yake
na kwa sababu siku alipomwona alikuwa na njaa
(Ambani, si mbwa; mbwa alikuwa ananyonya
nyuma ya kinu cha unga cha Mama Atis, hapa Migosi,
mmoja kati ya sita, macho bado yamegandana).

Kageha ana miaka kumi na mmoja na daftari la hesabu.
Ukurasa wa mwisho kaandika: chanjo, dawa ya minyoo,
vumbi la omena, ukoko wa ugali (bure),
mnyororo (tumuulize nyanya).
Jumla kaipigia mistari miwili
kama mtu anayewajua wazazi wake.

Baba yao husoma mita za maji.
Kisumu anaijua kwa meno yake:
geti jeusi la Milimani,
kichochoro cha Kibuye, yule mdogo asiyebweka kwanza.
Kwenye shavu la mguu ana kovu lenye umbo la mkato,
kana kwamba sentensi ile haijaisha.
"Mbwa," akasema Kisia, "nakutana nao kazini."

Kikao kilifanyika Jumapili, dakika kumi na mbili,
kati ya kufua soksi na kuchemsha maji ya kunywa.
Nani atakuwa nyumbani saa nne asubuhi?
Kimya.
Saa nane?
Friji ikajibu.
Mgeni siku mbili, nikasema, ya tatu mpe jembe;
huyu hatashika jembe hata mwaka wa tatu.

Ndipo Kisia akatoa bakuli la kijani,
lile lililoungua ukingoni, akaliweka mlangoni.
Siku saba. Maji safi asubuhi na jioni.
Likikauka, na mazungumzo yamekauka.

Jumatatu lilijaa hadi likamwagika.
Jumanne Kageha alikuwa na mtihani.
Jumatano wadudu wa ziwani walishuka kama moshi,
wakaelea juu ya maji kama majani ya chai,
na usiku Ambani akanipigia simu wodini,
mimi nahesabu pumzi za waliozaliwa kabla ya siku zao:
"Mama, Mandazi amekunywa wadudu."
Nikamwambia Mandazi hayupo.
"Ndiyo maana hawezi kukwambia."

Alhamisi nilirudi basi la shule limeshapita.
Nikamkuta Kisia ameinama mlangoni,
mswaki mdomoni, suruali imekunjwa, kovu nje,
anamwagia sukuma wiki maji ya jana,
analisugua bakuli kwa kidole gumba.
"Lilikuwa linanuka," akasema.
Sikuwa nimeuliza.

Hatujala pamoja sisi wanne tangu Pasaka.
Tunaachiana chakula kwenye hotipoti,
tunaachiana nauli chini ya redio,
mmoja akivua viatu mwingine anafunga kamba.
Lakini wiki hii ukichungulia ndani ya bakuli lile
ungeona alama za vidole vya kila mtu,
hata vyangu. Ijumaa, nikienda zamu,
nililijaza, nikatazama nyuma kama mwizi.

Na kuna jambo sikulisema kikaoni.
Saa nne asubuhi mimi nipo.
Nipo kitandani, pazia limefungwa, macho wazi,
nasikiliza tangi la jirani likijaa,
mlango wa mtu mwingine ukifunguliwa kwa mtu mwingine.
Nilinyamaza kwa kuwa usingizi ndio mali niliyobaki nayo,
na kitu kinacholia mlangoni ni kitu kinacholia,
nao wa kulia nawaacha wodini kila alfajiri.

Mama Atis ametuma ujumbe: wamebaki wawili.
Sijajibu. Sijasema ndiyo.
Daftari liko mezani, limefunguliwa ukurasa wa mwisho,
na chini ya jumla mtu ameongeza, kwa kalamu ya kazini,
ile ya wino mwekundu wa bili zilizochelewa:
*maji, sifuri; mita naisoma mwenyewe.*

Usiku huu tumepishana mlangoni, yeye anaingia, mimi natoka.
Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei
ya kitu ambacho hana haja ya kukinunua:
"Wameshafumbua macho?"