Ncha ya Pili ya Futi

Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya pili.
Nyaboke wa Chuo Kikuu alishika ile yenye kusoma namba,
mimi sifuri.
Siku kumi na moja, mtaa wa Mkomani, nyumba baada ya nyumba:
yeye "vuta," mimi navuta,
yeye "ukutani kabisa," nami naminya
kidole gumba juu ya chokaa baridi
mpaka unga wake unaingia kuchani.

Nyumba ya tatu akashangaa: mbona vyumba vyote
vina upana mmoja, cha juu walikolala mabwana,
cha chini walikolala watumwa?
Akaandika "desturi," akalipigia mstari.
Nikamwonyesha dari.
Boriti. Mkoko hauendi zaidi ya hapo ukiwa umenyooka.
Mti wa matopeni ndio uliokata shauri
kitanda cha bibi harusi kikae vipi.
Hakulifuta neno lake. Aliongeza pembeni: "na mkoko."
Hapo nikaanza kumwamini.

Alikuwa na fomu, na fomu ina visanduku.
Bi Zuena binti Famau, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi,
alijibu kila kisanduku kwa njia yake.
Mmiliki? "Nalipewa siku ya harusi."
Mwaka wa ujenzi? "Wa nzige. Si hawa wa juzi, wale."
Namba ya kiwanja ya wikio,
chumba kile kinachovuka uchochoro
na kuegemea nyumba ya pili?
Alicheka mpaka maji yakamwagika.
"Hicho hakina kiwanja, mwanangu. Chini ni ndiya,
na ndiya ni ya punda na jeneza.
Andika: upepo."

Usiku, gesti, Nyaboke alijumlisha.
Wikio kwa nje, mita nne na sentimita ishirini.
Kwa ndani, upande wa Bi Zuena, moja na kumi na tano.
Kwa jirani, ambako siku hizi ni hoteli
na tulivua viatu kwa amri ya mzungu, moja na kumi.
Akanipigia saa nne:
"Ulilegeza?"
Nikaapa. Kidole gumba bado kilikuwa cheupe.

Asubuhi tulipima tena. Namba zile zile.
Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.
Tumbawe hujibu dh, kama mtu aliyeshiba.
Huu ukajibu kama mtungi.

Bi Zuena akatoa mguu mmoja majini.
"Nduyangu aliuza upande wake. Mgeni akanunua
kisima, zidaka, ngazi; akataka na wikio lote.
Nikaziba huku. Naye kwa hasira akaziba kule.
Katikati kimebaki chumba tulichozaliwa,
mimi na yeye, juu ya vichwa vya wapita ndiya.
Hakina mlango. Hakina wa kukiuza."
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Ukikiandika watakipa namba.
Kikipata namba, kina bei."

Nyaboke alitafuna kalamu muda mrefu.
Nilimsikia punda akikojoa chini yetu.
Halafu akaandika, kwa mwandiko wake mzuri:
Ukuta. Unene, mita 1.95. Hali: imara.

Siku ya kutetea tasnifu, aliniambia baadaye,
profesa mmoja mzee alivua miwani, akauliza
boriti gani ya mkoko inabeba ukuta wa mita mbili
ukining'inia hewani.
"Hata mimi sielewi," akasema. "Nilipima tu."
Wakampa shahada yake.

Mimi hupita pale na gunia la chokaa begani.
Wikio liko juu, mtu mrefu hapati shida,
lakini huinamisha kichwa.