Kiti Kwapani

Jumamosi nne mfululizo nimezunguka Ljubljana
na kiti cha mtoto kwapani,
kizito, cha buluu, kina doa la juisi
ambalo Brina amelipa jina: Bata.
Wauza magari wakiniona naingia getini
nyuso zinawashuka,
kama wapiga ngoma waliomwona mwenye nyumba.

Wa kwanza alinionyesha jekundu, la viti viwili,
limelala chini kama paka anayenyemelea.
Nikaingia. Nikashika usukani.
Nikawa na miaka kumi na tisa,
sina mkopo wa nyumba, sina kadi za chanjo,
nina nywele.
"Na hicho?" akauliza, akikinyooshea kidole kiti.
Nikatoka. Kutoka ndiko kulikonirudisha:
goti la kulia lilitaja miaka yangu yote, mmoja mmoja.

Nina watoto wawili. Hesabu ya viti viwili haikubali
hata ukipigiwa na benki.
Niende na Lenart, Brina abaki akilia dirishani;
niende na Brina, Lenart aniandikie barua ya malalamiko.
(Ana miaka sita. Herufi zote anazijua isipokuwa ž,
kwa hiyo jina la mama yake, Neža,
analiandika kwa kuchora nyota katikati.)

La pili lilikuwa na viti vya nyuma, kwa mujibu wa karatasi.
Labda vya kuwekea kofia.
Nikakiinamisha kiti, nikakigeuza, nikakisukuma kwa bega;
mkanda ukapungua upana wa kiganja.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
nami niliinama, nikainama hadi mgongo ukalia ka!
na cha mvunguni sikukipata.

La tatu na la nne siyasemi.
La nne nililiota usiku.

Neža hakunikataza. Angenikataza ningepata wa kumlaumu.
Aliuliza tu, akipanga soksi zisizo na wenzake:
"Unatafuta gari, au unamtafuta yule kijana?"
Nikasema gari.
"Basi nenda na sisi."

Ya tano tukaenda wote hadi Kranj,
kwa mjane aitwaye Marjanca, mwenye kigari
rangi ya haradali, paa la turubai,
gia imechomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli.
Nguvu za farasi thelathini na nne,
na farasi wenyewe wengine wamestaafu.
Mikanda ya nyuma marehemu aliifunga kwa mkono wake,
kwa ajili ya wajukuu ambao sasa wako Graz
na hupiga simu Jumapili.
Nikakiweka kiti. Kikakaa.
Mkanda ukasema: tak.
Marjanca akageuka, akajifanya anatazama maua.

Brina alikuwa ameshafungua paa.
Lenart aliuliza kama mwavuli nao unauzwa.

Tukapanda mlima wa Vršič siku hiyo hiyo,
kona hamsini, kila moja ina namba yake.
Baiskeli ilitupita. Mwenye baiskeli alitupungia.
Mawe ya barabara yalituchekecha kama unga
na Lenart akihesabu kwa sauti ya refa:
ishirini na mbili! ishirini na tatu!
Ya ishirini na nne, Brina akamtapikia Bata.

Tukasimama. Tukafuta kwa soksi zile zisizo na wenzake.
Hewa ilinuka misonobari, na maziwa yaliyoganda.
Ndipo Neža, aliyekuwa kimya tangu Kranj,
akanyoosha mkono: funguo.
Akavua viatu, akavirusha kwangu.
Kona ya ishirini na tano aliikata
kama mtu aliyekuwa akiidai,
nywele zote nje ya paa,
nami nyuma, katikati ya viti viwili,
magoti kidevuni, viatu vyake mapajani,
nikimwona yule kijana kwa mara ya kwanza,
na wala hakuwa mimi.