Vatu, Jiwe Lisilo na Senti

Vatu maana yake jiwe.
Ulimi wetu usiteleze ukasema watu,
usikwae ukasema vitu,
ingawa Leiwia, muuza taro wa Port Vila,
hukaa na vyote vitatu katika fundo moja la kitambaa.

Leo yuko benki na kopo la maziwa ya unga.
Tangazo limebandikwa mlangoni:
sarafu za vatu moja na za vatu mbili
zinaondolewa, zirudisheni.
Hazinunui hata njiti ya kiberiti siku hizi.

Kaltang, kijana wa dirishani, analimwaga kopo
na kuanza kupanga vichuguu vya kumi kumi.
Leiwia hahesabu.
Leiwia anakumbuka, tena kwa sauti,
na foleni nyuma yake inaguna.

"Kabla ya hizi tulikuwa na wakubwa wawili.
Bendera mbili, jela mbili, polisi wa namna mbili,
ukiiba kuku unachagua wa kukukamata.
Huyu alinilipa kopra kwa dola ya Australia,
yule kwa faranga.
Gunia moja, bei mbili,
na mimi peke yangu njiani
na mfuko unaozozana.

Kisha bendera zote mbili zikashuka.
Ya kwetu ilipokuja tuliigeuzageuza kama samaki sokoni:
malkia hayupo,
yule mwanamke wa Kifaransa naye hayupo.
Yupo mtu wetu na mkuki wake,
na upande wa pili kombe la bahari.
Kwenye ishirini, kaa mla nazi.
Kwenye hamsini, viazi vikuu.
Masing wangu alicheka mpaka akakohoa:
'Mama we, wametoa pesa wakatutia shamba!'"

"Mia moja na themanini," anasema Kaltang.

"Na haina senti, unajua?
Dola ina vijukuu, vatu haizai.
Chini ya moja hakuna pa kukanyaga:
unalo jiwe, au huna."

Anakohoa. Mtu nyuma anaangalia saa.

"Mwaka wa themanini na saba kimbunga kilichukua paa,
kikachukua na godoro lenye noti zetu ndani.
Tulizikuta mferejini, uji mtupu.
Sarafu tuliziokota moja moja kwenye tope,
Masing ameshika taa, mimi nimepiga magoti.
Hiyo unayoisukuma kwa kidole, pole pole.
Huenda ni ya usiku ule."

Kaltang anapunguza mwendo wa kidole.

"Mkwe wangu Tabi, kule Pentekoste, hana kopo.
Ana nguruwe dume.
Alimng'oa meno ya juu ili la chini lipinde,
akamlisha kwa mkono miaka saba
mpaka jino likazunguka likajirudia kama bangili.
Kwa jino hilo mtu huoa, hulipa faini, huomba radhi.
Nani atambandikia tangazo Tabi?"

"Mia tatu na kumi na nne, bibi. Basi."

Haba na haba, miaka thelathini,
na kibaba hakikujaa.

Kaltang anatoa noti ya mia mbili,
sarafu ya mia,
kaa mmoja wa kumi.
Kisha mkono wake unabaki hewani juu ya droo.
Ndogo kuliko zote humo ni tano.
Anatazama mlangoni kwenye tangazo,
anamtazama meneja,
meneja anatazama dari.

"Nne zangu," anasema Leiwia.

Kwa hiyo benki, iliyozifukuza,
inachomoa makombe manne kutoka kichuguu
na kumrudishia mwenyewe.

Foleni inacheka, hata mwenye saa.
Leiwia anayadondosha ndani ya kopo, moja, moja,
moja,
moja,
anafunga kitambaa,
na kutoka nje akilitikisa kidogo,
kama mtu anayemwamsha mtoto
bila kutaka kweli aamke.